Mguu wa Mtani

Kuzungumza na mgonjwa tulifundishwa kwa mwanasesere. Alikuwa wa mpira, mkubwa kama mtu mzima, sikio moja limekatika, amelazwa kwenye kitanda cha darasani na shuka hadi kifuani. Tunapanga mstari. Mmoja anasogea, anainama kidogo, anasema: "Shikamoo mzee. Mimi ndiye muuguzi wako wa leo. Unajisikiaje?" Mwanasesere kimya. Mkufunzi anaandika kitu kwenye daftari lake, anaita mwingine. Mimi nilipata nane kwa kumi. Mbili zilikatwa kwa sababu, alivyosema yeye, nilimsalimia mgonjwa kama mtu anayegombania foleni ya sabuni.

Labda ni kweli. Nilikuwa nimechoka. Naomba hilo lieleweke mapema, maana watu wakisikia mwanafunzi wa uuguzi wanamwona binti mwenye kofia nyeupe na tabasamu. Mimi nilikuwa na mtoto wa miezi minane anayelelewa na mama yangu mtaa wa Ipuli, hapa hapa Tabora. Asubuhi wodini, mchana darasani, na kila nikipata saa mbili za kupumzika natoka bwenini kwa mguu, nakwenda Ipuli kunyonyesha, narudi nakimbia. Shule ile haikuchukua wenye watoto. Kwenye fomu ya kujiunga, pale walipouliza idadi ya watoto, niliandika hakuna, tena kwa mwandiko mzuri. Mwenzangu niliyepata naye mtoto alikuwa Dar es Salaam anaendelea na masomo yake. Yeye hakuna fomu iliyomuuliza.

Wiki ya tatu wodini maziwa yalinitoka. Nilikuwa natandika kitanda, nikasikia joto kifuani, kutazama aproni imelowa pande mbili. Mkufunzi aliliona hilo kabla sijavuka mlango. Alinishika kiwiko, akaniingiza stoo ya mashuka, akafunga mlango kwa mgongo wake.

"Ana umri gani?"

"Nani?"

"Usinifanye mimi mjinga."

"Miezi minane."

Mkufunzi alikuwa mama wa makamo, mfupi, hana mtu wa kucheka naye. Aliitazama aproni yangu. Halafu akasema, "Hilo sitaliandikia barua. Lakini wewe una mdomo. Nimeletewa malalamiko mawili. Umemwambia nini yule mzee wa kitanda cha tatu?"

"Alitema mate chini. Nikamwambia sakafu hii inafagiwa na watu."

"Hukumwambia hivyo. Ulimwambia kama kwake kuna wa kulamba mate yake amwite aje." Alisubiri nikatae. Sikukataa. "Sasa sikiliza. Nakupa mgonjwa mmoja. Wiki mbili. Utazungumza naye kila siku, uandike kila atakachokuambia juu ya hali yake. Daftari hilo ndilo litakalosema kama unabaki hapa au unakwenda. Na ukienda, nitaeleza yote, pamoja na hayo yaliyokulowesha."

Nilimweleza mama. Mama alikuwa anakaanga vitumbua na mwanangu yuko mgongoni mwake, kichwa kimeangukia pembeni. Alisema bila kunitazama, "Mimi nilikubali kulea kwa sababu unasoma. Ukifukuzwa, njoo umchukue mwanao, mtafute pa kukaa. Mgongo huu ulikwisha kuwalea ninyi."

Mgonjwa niliyepewa alikuwa mzee wa Kinyamwezi wa kitanda cha kumi na moja. Alitoka upande wa barabara ya Nzega, katika kijiji kipya. Yeye na majirani zake walikuwa wamehamishwa na serikali kwa malori, wakashushwa na mizigo yao kwenye viwanja vilivyopimwa kwa kamba. Baada ya mwezi akarudi peke yake kwenye boma lake la zamani kung'oa mlango, mlango mzuri wa mninga, akakanyaga msumari wa mlango wenyewe. Akaja kwetu na unyayo umevimba na kidonda kinachotoa maji. Hayo yote niliyajua baadaye. Mwanzoni niliyojua yalikuwa haya:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Unajisikiaje?"

"Salama tu mwanangu."

"Mguu unauma?"

"Kidogo tu, mwanangu."

"Umelala?"

"Nimelala mwanangu, ahsante."

Siku nne. Jirani yake wa kitanda cha kumi na mbili alikuwa ananinong'oneza kwamba mzee hajalala hata lepe, anasaga meno mpaka alfajiri. Namwuliza tena, nimeinama kama nilivyofundishwa, sauti laini, mikono nimekunja mbele. "Salama tu, mwanangu." Nilitamani kumtikisa. Daftari langu lilikuwa na kurasa nne za "anaendelea vizuri", na mkufunzi akapiga mstari mwekundu chini ya kila moja.

Siku ya tano mzee akaniuliza yeye. Labda alichoka kuulizwa.

"Sista, kwenu wapi?"

"Hapa hapa. Nimekulia Kanyenye."

"Si nilichouliza. Baba yako kazaliwa wapi?"

"Kisarawe. Alikuja huku na reli."

Mzee alijiinua kwa viwiko. Sikuwahi kumwona ameinuka. "Mzaramo?"

"Ndiyo."

"Siku zote hizi unanipa shikamoo kama mtoto mwenye adabu, kumbe wewe ni mtumwa wangu!" Akawageukia wenzake. "Jamani, mmesikia? Nimelazwa hapa nakufa kwa heshima, kumbe ninayehudumiwa naye ni Mzaramo!"

Wodi nzima ikaamka. Na mimi, Mungu anisamehe, mwili wangu wote ulipumua. Kwa asiyejua: babu zao walibeba pembe kutoka huku mpaka pwani na kurudi na vitambaa, miezi mitatu njiani, wakikatiza nchi ya babu zetu. Wakapigana, wakauziana chakula, wakazikana, mwisho wakawa watani. Mtani anakutukana huna ruhusa ya kukasirika. Anachukua kuku wako uani, unamwangalia. Penye msiba wengine wakilia yeye anatania na kuchimba kaburi. Baba yangu alikuwa na watani Tabora nzima, hakuweza kupita sokoni bila kuporwa kofia.

"Mtumwa wako nani?" nikamwambia. Mikono niliikunjua, nikaiweka kiunoni. "Babu yako alifika kwetu amebeba mzigo wa watu kichwani, shingo imeingia kifuani kama kobe. Tukamlisha kwa huruma."

"Mkamlisha? Mlimwibia usiku, asubuhi mkamuuzia vyake!"

"Kwani alikuwa na nini cha kuibiwa? Hata hiyo kaniki uliyovaa sisi tuliwapa."

"Lete maji ninywe, mvivu wewe. Mzaramo na kazi wapi na wapi, ninyi mmezaliwa ngomani."

Nikampa maji. Akanywa yote. Kuanzia hapo alisema. Alisema kwa kunitukana, lakini alisema. "Mtani, vidonge vyenu hivi mmevitoa kwa mganga gani mwizi? Nikimeza natapika." Nikainua godoro, nikavikuta, vidonge vya siku nne vimepangwa kama mbegu. "Mtani, hilo bakuli lenu la haja mnataka nilikalie mbele ya watoto hawa? Mimi nina wajukuu." Siku nne hajapata choo, na kwangu nimeandika choo kizuri, kwa sababu nilimwuliza na akajibu ndiyo mwanangu. Nikamwekea pazia. Akabadilishiwa vidonge. Habari ya kijiji na ya mlango wa mninga akanipa yote, huku akisema Mzaramo angeuacha mlango ule uliwe na mchwa.

Daftari likajaa. Mkufunzi alilisoma amesimama, akageuza ukurasa, akarudi nyuma, akasema, "Umebadilika." Sikumwambia kwa njia gani. Alikuwa ametukataza mizaha wodini toka siku ya kwanza, na mimi siku ile ile nilikuwa nimemwita mgonjwa wangu mzoga usiofaa hata kwa fisi, akacheka mpaka akakohoa.

Alhamisi moja, mchana, nilikuwa nimeamka na kazi toka saa kumi na moja. Kutoka Ipuli kulikuja salamu kwamba mtoto ana homa. Nikapita kitanda cha kumi na moja haraka, daftari mkononi.

"Haya mzoga, mguu unasemaje leo?"

"Mguu gani?" akasema. "Mguu wangu niliuacha kule kwenye boma langu. Hapa nimeletwa na kuni tu. Zichukue, mtani, ukapikie. Hazina hata habari."

Watu wakacheka. Mimi nikacheka. Nikamwambia kuni zenyewe mbichi, zitatoa moshi. Nikaandika: "Maumivu yamekwisha. Mgonjwa mchangamfu." Nikaenda kuomba ruhusa ya kwenda kumwona mtoto.

Bandeji zilikuwa haba miezi ile, vidonda vilifunguliwa kila baada ya siku mbili. Kwa hiyo mguu wa mzee, uliofungwa Jumatano, ulifunguliwa Jumamosi asubuhi, daktari akiwa kwenye mzunguko wake na mkufunzi yuko nyuma yake. Mimi ndiye niliyefungua. Harufu ilitangulia. Vidole vitatu vilikuwa vyeusi, na weusi umepanda mpaka katikati ya unyayo. Daktari akagusa kwa kibano. Mzee alikuwa anatazama dari. Hakusikia kitu.

"Hii imeanza lini?" daktari akauliza.

Mkufunzi akatoa daftari langu. Alilitoa kwa fahari, niliona, kama mtu anayemtoa mwanawe kwa wageni. Daktari akasoma. "Alhamisi hana maumivu, mchangamfu. Kwa hiyo Alhamisi mguu ulikuwa mzima." Akafikiri. "Kama imeanza jana, tunaweza kumwongeza sindano, tungoje Jumatatu tuone. Pengine tutapoteza vidole tu."

Ningeweza kunyamaza. Nataka niliandike hili kama lilivyokuwa: sikufikiria uaminifu, wala kiapo, wala taifa. Nilifikiria mama na mgongo wake. Nilifikiria nimebakiza siku tatu tu za wiki zangu mbili. Na nilikuwa nimechoka kiasi kwamba kutunga uongo mwingine na kuubeba kulinishinda.

"Daktari, Alhamisi haukuwa mzima."

"Umejuaje?"

"Aliniambia."

"Alikuambia nini?"

"Kwamba si mguu tena. Ni kuni. Hauna habari."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nilicheka."

Mkufunzi alifunga daftari. Daktari akamtazama mzee, akanitazama mimi, akasema, "Basi si wa kungoja Jumatatu. Unakatwa leo," akaenda kuandaa chumba cha upasuaji.

Mzee alikataa. Daktari alituma karatasi ya kuweka dole gumba, mzee akaingiza mikono chini ya shuka. Mkufunzi akamsogelea mwenyewe. Akainama, akakunja mikono, nikamwona mwanasesere mbele ya macho yangu.

"Mzee wetu, tunakuomba. Ni kwa faida yako."

"Ndiyo mwanangu."

"Mguu huu sasa ni sumu mwilini."

"Ndiyo mwanangu."

"Kwa hiyo umekubali?"

"Hapana mwanangu."

Mara tatu. Mwisho mkufunzi akanyooka, akaja niliposimama karibu na ndoo. "Nenda wewe."

"Na lile letu la daftari?"

"Lile letu liko pale pale. Nenda."

Nikaenda kwa nilichokijua. "Wewe Mnyamwezi," nikasema, "umezoea kubeba, leo umepata wa kukupunguzia mzigo unaringa?"

Mzee akageuza uso ukutani. "Leo hapana, mtani," akasema taratibu. "Leo naogopa."

Maneno ya mkufunzi hayakufaa, maneno ya baba yangu hayakufaa. Nilikaa kitandani mwake, kitu kilichokatazwa kabisa, kwa sababu miguu yangu nayo ilikuwa imekwisha. Yeye ndiye aliyeuliza.

"Wanakata wapi?"

Nikaweka ubavu wa kiganja kwenye mguu wangu, chini kidogo ya goti. "Hapa."

Akageuka. "Si hapa?" Akagusa nyonga yake.

"Hapana. Nani kakuambia hapo?"

"Hakuna. Nilimwona mwenzetu mmoja aliyerudi vita vya Mjerumani. Walimkata hapa. Walikuwa wanambeba kwenda chooni kama gunia." Akatazama goti langu. "Goti linabaki?"

"Linabaki."

"Nisipokatwa?"

"Utakufa."

"Lini?"

"Sijui. Siku si nyingi."

"Nikikatwa?"

"Unaweza kufa vilevile. Lakini wengi hawafi."

"Nitalima?"

Kitabu chetu kilisema mgonjwa apewe matumaini. "Kwa kukaa chini," nikasema. "Karanga, mboga. Kusimama na jembe kutwa, hapana. Yamekwisha hayo."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepatana sokoni na amefikia mahali anapopaelewa. Halafu akauliza lile ambalo naapa halimo kwenye kitabu chochote cha uuguzi nilichoshika. "Mguu wenyewe mnaupeleka wapi?"

Nilijua. Nyuma ya dobi kulikuwa na tanuri. Bandeji chafu, pamba, na vitu vya namna hiyo vilikwenda huko. "Unachomwa."

"Basi hapana. Mimi sichomwi."

"Ukizikwa?"

"Azike nani? Wanangu wote wako kijijini, na leo ndiyo leo." Akanitazama. "Wewe si mtani? Kuzika kwetu kazi ya nani?"

"Mimi mwanamke."

"Mtani ni mtani. Umwanamke wako kampe mumeo."

"Sina mume."

"Basi una nafasi."

Nilikubali bila kumwuliza mtu yeyote. Akatoa mkono chini ya shuka, akaweka dole gumba.

Mtumishi wa chumba cha upasuaji alinipa mguu ule saa nane mchana, umefungwa katika kipande cha shuka, ndani ya ndoo ya bati. Hakuniuliza kitu, nadhani alifikiri nimetumwa tanurini. Mguu ni mzito. Nilidhani nitabeba kitu kama kuku, nikabeba kitu kama mtoto wangu. Niliazima jembe kwa mtu wa bustani, nikaenda nyuma kabisa, karibu na michongoma ya uzio. Ilikuwa kiangazi, ardhi ya huku mnaijua, jembe linaruka. Nilichimba nimevaa kofia yangu nyeupe na aproni. Viganja vikachubuka. Nikaanza kutukana, kwanza ardhi, kisha mguu wenyewe, kwa sauti, kama anavyopaswa mtani. Nikauambia: kwa miguu kama wewe babu zako walitoka hapa mpaka Bagamoyo, na wewe umeshindwa kuvuka msumari. Nikauambia ni mvivu. Nikauambia umenifukuzisha shule. Na hapo nikaanza kulia, jambo ambalo mtani hatakiwi, kwa hiyo nikatukana zaidi.

Nikasikia viatu. Mkufunzi alikuwa amesimama na mikono mifukoni.

"Unafanya nini?"

"Nazika."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya mwenye mguu."

Alitazama ndoo. Alitazama shimo. Sijui kwao ni wapi, hakuwahi kutuambia, na sijui kwao wanazikana vipi.

"Chimba zaidi," akasema. "Mbwa watafukua hicho." Akaondoka.

Mzee aliamka jioni, mdomo umekauka, hajui aanze na lipi. Nilimlowesha midomo kwa pamba. Neno lake la kwanza la maana lilikuwa, "Umezika?"

"Nimezika."

"Kina gani?"

Nikamwonyesha, mpaka juu ya goti langu.

"Ulilia?"

"Nilikutukana."

"Mwongo," akasema, "macho yako yamevimba," akalala tena.

Barua ilikuja Jumatano, nikaitiwa ofisini. Iliandikwa kwa mashine, mistari sita. Ilisema nimepokea taarifa ya hatari kutoka kwa mgonjwa na nimeshindwa kuitambua na kuiripoti, kwa hiyo nitarudia miezi sita katika wodi ile ile, na wenzangu wataendelea mbele bila mimi. Ya mtoto hayakuwemo. Ya kuzika hayakuwemo. Nilimwuliza mkufunzi kama ningenyamaza siku ile ingekuwaje.

"Ungefaulu," akasema. "Daftari lilikuwa zuri sana."

"Na mzee?"

"Unajua mwenyewe." Akanipa kalamu nitie sahihi.

Nilikasirika, na hata leo ninapoandika, mwanangu akiwa anavuta kona ya karatasi hii, nimekasirika. Kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba barua ilikuwa ya haki. Siku nne nilimsikiliza mtu kwa adabu nisimsikie, na siku moja nilimsikiliza kwa kicheko nisimsikie. Na bado ni miezi sita yangu, si ya mtu mwingine.

Nilikwenda Ipuli mchana ule ule. Mama alikuwa barazani, karai motoni, mtoto mgongoni. Nikamwambia kabla sijakaa: sikufukuzwa, ila ni miezi sita zaidi.

Aligeuza vitumbua vyote saba, kimoja kimoja.

"Sita."

"Sita, mama."

"Atakuwa anakimbia huyu."

"Najua."

"Mimi siwezi kumkimbiza mtoto penye mafuta ya moto."

"Najua, mama. Nitakuja kila saa za kupumzika."

"Unakuja sasa hivi, na ukifika unalala." Akafungua fundo la khanga kifuani. "Haya mpokee, na kesho uwahi. Niepue hivi kabla havijaungua."

Nikampokea. Homa ilikuwa imekwisha. Nikakaa chini, nikafungua vifungo vya sare, akanyonya kwa pupa, akaning'ata kwa meno yake mawili mapya. Nilimwacha. Nilikuwa na nusu saa, na robo saa yake ilikuwa ya kutembea.